Chupa Zilizovaa Soksi

Swedi, muuza mvinyo pale Sinza Mori, hanywi.
"Dini hairuhusu, dada. Mimi nauza kwa masikio:
wanachosema wateja ndicho ninachokwambia."
Akaikamata ya kwanza shingoni kama kuku wa mnada.
"Hii haina makeke. Hii wanasema inakaba koo.
Hii ya Dodoma, elfu kumi na mbili,
wananunua sana wenye sherehe za kipaimara."

Nikachukua tatu.
Moja ya kwetu,
moja ya Kusini, yenye mlima bapa kwenye lebo,
moja ya mbali ambayo jina lake sikulitamka,
nililinyooshea kidole.

Tarehe ishirini na mbili, Tabata, umeme umekatika,
feni imening'inia kama popo aliyeshiba.
Nikazivisha chupa soksi za shule za Lechipya,
nikamwambia wifi yangu Aikande: zichanganye, nisione.
Tukanywea vikombe vya chai,
maana bilauri zimo kabatini
na funguo ya kabati analala nayo mama mkwe.

Soksi ya kwanza: ukwaju uliosahauliwa juani,
halafu chuma,
kama unaponyonya kidole ulichojikata.
Aikande akasema, "Hii na kuku wa nazi watapelekana polisi."
Soksi ya pili, yenye tundu kisiginoni:
sukari tupu, ilinichekea mapema mno
kama mtu aliyekuja kukopa.
Soksi ya tatu.
Tukanyamaza.
Zambarau zilizoiva hadi kupasuka,
moshi kidogo, wa jikoni kwa watu wengine,
kisha kitu nisichokuwa na neno lake.
Nikapiga funda jingine kulitafuta.
"Wifi," akasema Aikande,
"unatafuta neno au unatafuta kulewa?"

Tukaijaribu na kiporo cha pilau: iliki ikaamka.
Tukaijaribu na pilipili mbuzi:
ikatukanwa, haikujibu.
"Ndiyo hii," nikasema. "Ndiyo ya Krismasi."
Nikaivua soksi.
Mlima bapa.
Ya Dodoma ilikuwa ile ya chuma.

Hujanielewa bado. Baba yangu analima zabibu, Hombolo.
Ada yangu ilitoka kwenye vishada.
Nimefukuza ndege shambani kwa debe na fimbo
kabla sijajua kuandika jina langu.
Na ulimi wangu, gizani,
bila kushikiwa panga,
ukamkana.
Jogoo wa jirani hakuwika. Afadhali angewika.

Baba alishuka stesheni tarehe ishirini na nne
na mfuko wa karanga na shati jipya lenye mikunjo ya dukani.
Nikaificha chupa nyuma ya gunia la mchele.
Mchana wa sikukuu mama mkwe akaifuma.
"Na huyu mgeni kajificha nini?"
Akamimina, mwenyewe akatia barafu, akatia na Fanta,
akasema sasa inanyweka.

Baba huiita divai, kama kanisani,
na bilauri huishika kwa mikono miwili.
Akanusa. Akanywa.
Akatafuna, utadhani ina mifupa.
Nikaitazama kachumbari, kitunguu kimoja kimoja.

"Huyu," akasema, "aliinyima mizabibu maji
wiki mbili, pengine tatu, kabla ya kuchuma.
Inataka moyo. Unaiona inanyauka, unaiacha.
Sisi lori la mnunuzi likipiga honi tunakata tu,
mbichi na mbivu,
maana zikiozea mikononi mwako utamdai nani?"
Akanywa tena, taratibu,
kama anayemsikiliza mtu akiongea kwa lafudhi ngeni.
"Anajua kazi, huyu bwana. Niongezee nyama."

Hakuuliza kwa nini si ya kwetu.
Sikujieleza.

Siku ya kuondoka aliomba chupa tupu, akawekee asali.
Nikamfungia ndani ya ile soksi yenye tundu
isije ikavunjika njiani.
Januari, shule zilipofunguliwa,
Lechipya akapekua droo nzima akitafuta mwenzake,
na mimi nikasema sijui.